Mwimbaji wa Wimbo Mmoja na Hesabu za Dukani

Ipo dharau iliyozoeleka mno katika mazungumzo ya muziki, hata haijulikani tena kuwa ni dharau. Redio inapiga wimbo wa zamani. Fundi cherehani anapunguza mwendo wa mguu, mwenye duka anaacha kupima mchele, na yumkini mmoja wao anamkumbuka mtu aliyekwisha kuzikwa. Wimbo ukimalizika, mtangazaji anacheka kidogo na kuarifu kuwa mwimbaji huyo alikuwa na wimbo huo mmoja tu, kisha hakusikika tena. Huyasema hayo kwa sauti ile ile ambayo watu husema fulani alikuwa na nyumba, akaiuza. Waingereza na Wamarekani wameitungia istilahi hali hiyo: ni ajabu ya wimbo mmoja. Neno "ajabu" humo lina sura ya sifa, lakini wanaolitumia hulitamka kama wanaotaja ajali.

Dharau hiyo inastahiki kupingwa, na wenye haki ya kwanza ya kuipinga ni wapenzi wa ushairi, kwani wao wanajua jambo ambalo wauza santuri hawalijui: kwamba utungo mmoja uliokamilika haudaiwi ndugu.

Kwanza aulizwe aliyehesabu. Mizani inayotumika ni orodha ya nyimbo 100 ya jarida la Billboard la Marekani, iliyoanza kuchapishwa Agosti 1958. Mwaka 1990 Wayne Jancik alitoa kitabu kizima juu ya waimbaji wa wimbo mmoja, na kanuni aliyoiweka ni nyepesi: aliyeingia mara moja tu katika 40 za juu, basi huyo ndiye. Kanuni hiyo ukiishika barabara, Jimi Hendrix ni mwimbaji wa wimbo mmoja. Mpiga gitaa huyo, ambaye wapiga gitaa wa dunia nzima wamemfanya kiigizo, aliziingia 40 za juu mara moja tu, mwaka 1968, akasimama nafasi ya 20, tena kwa utungo wa Bob Dylan. Grateful Dead, waliozunguka na kujaza viwanja kwa miaka 30, nao ni wa wimbo mmoja: "Touch of Grey" wa 1987. Hapana mwenye akili timamu atakayeridhika na hukumu hiyo, lakini hiyo ndiyo hukumu ya mizani yenyewe. Mizani inayompima Hendrix na kumwona mwepesi ina kasoro katika jiwe lake.

Tena wenye mizani hawaifuati hata hiyo kanuni yao. Kikundi cha a-ha cha Norway huorodheshwa mara kwa mara kuwa ni cha wimbo mmoja, "Take On Me", ulioshika nafasi ya kwanza Marekani mwaka 1985. Vijana hao waliingia tena katika 20 za juu za Marekani mwaka uliofuata. Na huko Uingereza "Take On Me" ulikoma nafasi ya pili, ilhali wimbo uliofika ya kwanza, Januari 1986, ni mwengine kabisa. Kituo cha televisheni cha VH1 kilitangaza mwaka 2002 orodha yake ya waimbaji 100 wa wimbo mmoja, na karibu na kilele chake kiliwaweka Dexys Midnight Runners kwa ajili ya "Come On Eileen" ya 1982. Watu hao walikwisha kuongoza orodha ya Uingereza kwa "Geno" mwaka 1980. Kwa hiyo "hakusikika tena" maana yake ni kuwa hakusikika tena Marekani. Aliyevuka mto mara moja akarejea kwao anahesabiwa kuwa amezama.

Hakuna kisa kinachoiumbua hesabu hiyo kuliko cha Kyu Sakamoto. Mwaka 1961 kijana huyo wa Kijapani aliimba wimbo ambao jina lake kwa Kijapani lina maana ya kutembea ukitazama juu. Maneno ni ya Rokusuke Ei, muziki ni wa Hachidai Nakamura. Husimuliwa kuwa Ei aliyapata maneno hayo akitembea kurudi nyumbani kutoka katika maandamano ya kupinga mkataba wa ulinzi baina ya Japani na Marekani, naye amevunjika moyo kwa kuwa maandamano hayakufua dafu. Akaificha siasa yake ndani ya huzuni ya mtu asiyetaka chozi lake lionekane. Hiyo ni sanaa ambayo mshairi yeyote wa pwani aliyelelewa katika mafumbo ataitambua mara moja. Juni 1963 wimbo huo ulishika nafasi ya kwanza Marekani, kwa Kijapani, ukiimbwa na mtu ambaye karibu hapana msikilizaji wake wa huko aliyefahamu neno lake hata moja. Ulikuwa wa kwanza wa lugha hiyo kufika hapo.

Na ulifika kwa jina gani? "Sukiyaki". Wauzaji wa Uingereza waliliona jina la asili gumu, wakaubandika wimbo jina la mchuzi wa nyama ambalo Mwingereza aliweza kulitamka. Chakula hicho hakimo ndani ya wimbo, si kwa neno wala kwa harufu. Jarida la Newsweek lilikejeli kuwa ni sawa na kuupeleka Japani wimbo "Moon River" na kuuita "Mchuzi wa Nyama". Mwenye kazi ya kufasiri akikisikia kisa hiki hucheka, kisha hukasirika. Mfasiri anayeshindwa na neno huwa ana njia nyingi za heshima: kuliacha lilivyo, kulieleza, hata kulitafutia jirani yake. Kuliita chozi kitoweo si mojawapo ya njia hizo. Sakamoto alikuwa nyota kwao kabla ya mwaka huo na baada yake, akiwa na nyimbo nyingi na filamu, mpaka alipofariki tarehe 12 Agosti 1985 katika ajali ya ndege ya Japan Airlines iliyoua watu 520. Wajapani walimlilia mtu wao mkubwa. Katika vitabu vya Kimarekani aliendelea kukaa kwenye fungu la waliobahatika mara moja.

Yote hayo yanahusu makosa ya kuhesabu, na mtu anaweza kusema kuwa makosa yakirekebishwa dharau itabaki na haki yake kwa wale ambao kweli hawakuwa na wimbo wa pili. La hasha. Hapo ndipo hoja yenyewe inapoanza.

Wapo waliotoa wimbo mmoja mkubwa na hawakutoa mwengine, kwao wala ugenini. Norman Greenbaum ni mfano mwema. Mwanamme huyu wa Massachusetts, aliyezaliwa 1942 katika familia ya Kiyahudi, alimwona mwimbaji mmoja wa nyimbo za mashambani akiimba wimbo wa dini kwenye televisheni, akajiambia kuwa na yeye anaweza. Kwa maelezo yake mwenyewe, maneno yalimchukua kama robo saa. Ukatoka "Spirit in the Sky", wimbo wa Myahudi kumhusu Yesu na safari ya baada ya mauti, umepandishwa juu ya gitaa lenye mkwaruzo kama wa msumeno. Mwaka 1970 ulifika nafasi ya tatu Marekani na ya kwanza Uingereza. Greenbaum akajaribu tena, haikuwa. Aliishi kaskazini ya California akifuga mbuzi wa maziwa. Wimbo wake haukufuga mbuzi: mwaka 1986 Doctor and the Medics waliuimba upya, ukashika nafasi ya kwanza Uingereza; mwaka 2003 Gareth Gates aliuimba tena, ukashika nafasi ya kwanza mara ya tatu. Na huko Marekani watu huusia upigwe siku ya mazishi yao.

Sasa wanaopenda kueleza kila kitu kwa neno kumbukumbu waje waeleze hili. Husema kuwa watu hupenda nyimbo hizo kwa sababu zinawarejesha ujanani: walizisikia walipokuwa na miaka 17, nazo zimebeba harufu ya mwaka ule. Hilo linawahusu baadhi. Lakini mtoto wa Kiingereza aliyenunua "Spirit in the Sky" mwaka 2003 hakuwa na ujana wowote wa 1970 wa kuurejea. Pengine hata mama yake hakuwa amezaliwa. Wanaocheza "Take On Me" kwenye sherehe siku hizi wengi wao walizaliwa baada ya kikundi kile kuanza kupata mvi. Kumbukumbu haiwezi kumrejesha mtu pahala ambapo hajapata kufika.

Sababu iko kwingine, na wenye kuishi na mashairi wanaijua. Mwimbaji mwenye nyimbo 50 hupendwa yeye. Wimbo wake wa 51 husikilizwa kwa hisani ya zile zilizotangulia. Msikilizaji hununua jina. Mwenye wimbo mmoja hana jina la kuukopesha wimbo wake. Hakuna anayejua alioa nani, ana gari gani, au amegombana na nani. Wimbo unasimama peke yake kama mtu aliyeingia barazani asiyejulikana kwao, na watu wakamsikiliza kwa anayoyasema. Ukipendwa, umependwa wenyewe. Ndiyo maana mapenzi ya nyimbo hizo yana usafi ambao mapenzi ya nyota hayana. Na ndiyo maana mtu anaweza kuupenda wimbo kwa miaka 40 bila ya kujua ni wa nani, jinsi anavyopenda methali.

Pwani hii inapaswa kuwa ya mwisho kushangazwa na jambo hilo. Mwana Kupona binti Mshamu alitunga utendi kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima, mwaka 1858, mumewe Bwana Mataka wa Siyu akiwa amekwisha kufa miaka miwili nyuma, na yeye mwenyewe akiwa mgonjwa. Beti zake zinazidi kidogo 100. Takriban miaka miwili baadaye naye alifariki. Utungo uliofika kwa watu ukibeba jina lake ni huo mmoja. Alice Werner na William Hichens waliuchapisha kwa tafsiri ya Kiingereza mwaka 1934. Wanawake wa Lamu na Pate walikwisha kuujua zamani bila ya msaada wao. Umesomwa, umekaririwa, umesifiwa kwa adabu yake na katika miaka ya karibuni umeshambuliwa kwa adabu hiyo hiyo, na wanaoushambulia wanauhitaji kuliko wanaousifu. Katika mabishano yote hayo, hajatokea mtu hata mmoja aliyesema kuwa Mwana Kupona alibahatika mara moja tu. Maneno hayo yangesikika barazani kama utovu wa adabu na upungufu wa akili kwa pamoja. Al-Inkishafi nayo wanaisoma wasiojua kabisa kama Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alitunga kitu kingine, na kutojua huko hakujapunguza hata punje ya ukimya unaoingia mtu anapofika kwenye magofu yale ya Pate. Kwa nini basi mtu huyo huyo, akifungua redio, apime kwa kipimo cha dukani?

Pingamizi la kweli lipo, na si vyema kulifichia uso. Mengi yaliyovuma mara moja ni takataka. "Macarena", iliyowekwa juu kabisa ya orodha ile ya VH1, haina cha kuiombea udhuru katika ushairi: ni kisa cha msichana anayemsaliti mpenzi wake wakati mwenyewe anaingizwa jeshini, na katika umbo lililouzwa Marekani kisa chenyewe kimezikwa chini ya ngoma ya mashine. Ilikaa nafasi ya kwanza wiki 14 mwaka 1996, na Agosti ya mwaka huo wajumbe wa mkutano mkuu wa chama cha Democrats mjini Chicago waliicheza, mikono begani, mikono kiunoni, wazee na vijana, pengine bila ya hata mmoja kati ya kumi kujua anachezea khiana. Hata hivyo, wazee wawili wa Los del Río, waliokaribia miaka 50 wakati huo, walikuwa wakiimba kwao Andalusia tangu miaka ya 1960. Wimbo unaweza kuwa mbaya. Maisha ya kazi ya miaka 30 hayafutwi kwa kuwa wageni walifika siku ya mwisho ya karamu.

Na kama wengine wanavyosema, kuna bahati. Ipo, hakuna anayeikana. Bahati huufikisha wimbo sikioni mara ya kwanza: mtangazaji kakosa sahani aliyoitaka, akaweka nyingine. Haiwezi kuufanya usikilizwe mara ya elfu. Baada ya miaka 50 bahati haimo tena katika shauri hilo; kilichobaki ni sauti, maneno na pumzi ya mtu.

Madhara makubwa ya dharau hii hayako katika kejeli. Yako katika pesa. Mtu aliyekwisha kufanywa kichekesho ni rahisi kuporwa, na historia ya muziki wa Afrika inayo ushahidi mzito. Mwaka 1939, katika studio ya Gallo mjini Johannesburg, Solomon Linda, Mzulu asiyejua kusoma muziki wala maandishi, aliimba na wenzake wa Evening Birds wimbo "Mbube", na katika kuurudia akazua papo kwa papo, juu kabisa ya sauti yake, kipande cha lahani ambacho dunia nzima sasa inakijua. Haki za wimbo huo zilimtoka, kama inavyoelezwa, kwa shilingi 10. Pete Seeger na wenzake wa The Weavers wakauimba kwa jina la "Wimoweh", kwani sikio lake halikulishika vyema neno la Kizulu kutoka kwenye sahani. Mwaka 1961 The Tokens wakautia maneno ya Kiingereza, ukashika nafasi ya kwanza Marekani kwa jina la "The Lion Sleeps Tonight". Linda alikufa 1962, maskini. Mwaka 1994 sauti yake ilimo katika filamu ya Disney, The Lion King, kupitia midomo ya wengine. Mabinti zake walikwenda mahakamani, na suluhu ya kuwapa sehemu ya mirabaha ilipatikana mwaka 2006, miaka 44 baada ya mauti ya baba yao.

Kwao Linda alikuwa bingwa wa mashindano ya usiku, na mtindo mzima wa kuimba ukapewa jina la wimbo wake. Hilo halikumsaidia, kwa sababu nje ya kwao hakuhesabiwa kuwa mtungaji. Alihesabiwa kuwa pahala ambapo wimbo uliokotwa, kama ganda la chaza lililookotwa ufukweni.

"Malaika" haiko mbali na hapo. Fadhili William aliurekodi Nairobi akiwa na Jambo Boys mwanzoni mwa miaka ya 1960. Miriam Makeba akauchukua, akauimba na Harry Belafonte katika albamu yao ya 1965. Boney M wakaufikisha Ulaya mwaka 1981. Fadhili William aliimba na nyimbo nyengine, lakini ulimwengu umemfungia ndani ya huu, hadi kufa kwake mwaka 2001. Wakajitokeza na wengine, wa Kenya na wa Tanganyika, kila mmoja na wanaomshuhudia, wakidai kuwa utungo ni wao. Mzozo huo haujakatwa kwa namna itakayowaridhisha wote, na sababu moja ya kutokatika ni kuwa, wakati ushahidi ungali mbichi, hakuna aliyeona kwamba kijana wa wimbo mmoja anastahiki kuandikiwa habari zake. Pwani nzima inaujua wimbo huo. Wangapi wanaweza kutaja mmoja tu wa wanaodaiwa kuutunga?

Dharau hii imekwisha kuvuka bahari, na imekuja wakati mbaya. Kijana anayeimba Unguja, Mombasa au Dar es Salaam leo anaambiwa kuwa akinyamaza miezi mitatu amekufa. Mitandao inadai kila wiki kitu kipya, naye anakitoa: lahani ile ile kaibadilisha kanzu, maneno yale yale ya mapenzi kayapindua. Kati ya nyimbo hizo 30 yumkini mmoja ungekuwa mzuri kama angeachwa akae nao mwaka mzima, aukatae, aurudie, aupoteze usingizi. Hakuachwa. Ameogopeshwa kwa jina la kuwa wa wimbo mmoja, na kwa khofu hiyo huenda asiwe hata na huo.

Washairi nao hawakusalimika. Wako visiwani na mwambao watu waliotunga shairi moja, katika msiba au katika harusi au katika ugomvi wa mtaa, likahifadhiwa na majirani kwa miaka, likatiwa hata katika taarab bila ya jina lao kutajwa. Hawana diwani, wala hawatakuwa nayo. Waliyokuwa nayo waliyasema. Muyaka bin Haji mwenyewe, mtungaji asiyechoka, alingojea mpaka 1940 kupata diwani iliyochapishwa, miaka 100 baada ya kufa kwake, na asingeipata kama si watu waliobaki na beti zake vifuani. Leo mtu wa shairi moja akifikishwa kwa mchapishaji, suali la kwanza anaulizwa mengine yako wapi, na mashindano mengi ya tuzo humtaka alete mswada mzima. Asiyekuwa nao hurudi na karatasi yake. Mwana Kupona naye angerudi nayo.